Nimerudi na mama kutoka kwenye mionzi Dar. Wenye mgonjwa wa saratani piteni hapa (uzi mrefu)

#1 Mbena_wa_Makambako (mleta uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimepotea humu miezi mingi. Mama yangu mzazi aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi, nikamsindikiza kwenye mionzi pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, mwanzo mpaka mwisho. Kabla ya safari nilipekua mtandao mzima nikitafuta mtu wa kuniambia siku ya kwanza inakuwaje, nikaambulia wauza majani na video za kutisha. Basi naandika ule uzi niliokuwa nautafuta. Ni mrefu. Asiyependa kusoma apite kwa amani.

Ilivyoanza. Mama ana miaka 58, mkulima wa viazi, hedhi ilishakoma kitambo. Akaanza kuona damu. Mimi mtoto wa kiume sikuambiwa, ningeambiwaje? Alimwambia mke wangu baada ya miezi kupita, tena akamwapisha asinifikishie. Kituo cha afya walichokwenda, sitakitaja, kilimwandikia dawa za U.T.I mara tatu. Mara tatu wakuu! Hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Safari ya nne akamkuta nesi mtu mzima, ndiye aliyevuta pazia akamchungulia kwa taa. Mke wangu anasema yule mama alitoka amebadilika sura, akaandika rufaa palepale.

Hospitali kubwa wakachukua kinyama, majibu yakakaa wiki tatu. Hatua ya pili B. Daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya vipimo: uvimbe umetoka kwenye shingo ya kizazi, umeingia nyama za pembeni, haujagusa ukuta wa nyonga. Akasema hii haikatwi kwa kisu, hii ni ya mionzi pamoja na dripu ya dawa za saratani.

Kwetu mtu akisikika anakwenda "kuchomwa" Dar, majirani wanakuja kumuaga. Na mimi nilijua hivyohivyo, kwamba mionzi ni ya aliyekwisha. Nilimuuliza daktari waziwazi kama tunampeleka akafie huko. Akaniangalia kama mtoto mjinga. Kwa hatua ile mionzi ndiyo tiba yenyewe, na lengo ni kuponya.

Tukauza magunia ya viazi kabla bei haijapanda (hili bado linaniuma), tukapanda basi mpaka Mbezi, tukafikia kwa mama mdogo Mbagala Rangi Tatu.

Siku ya kwanza hamna mionzi, msije na haraka. Kuna faili, damu, kipimo cha figo, picha, kisha madaktari wanakaa kikao juu ya mgonjwa. Baadaye anapelekwa kwenye CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) ya kupangia. Analazwa vilevile atakavyolazwa siku zote, wanamchora mistari ya wino kiunoni na nyongani, wanapiga picha, halafu kuna wataalamu wa fizikia wanakaa na kompyuta kupiga hesabu mionzi ipite wapi na isipite wapi. Hao mgonjwa hawaoni kabisa, lakini kazi yao ndiyo inayochukua siku. Ukiona umeambiwa urudi wiki ijayo usidhani umesahaulika.

Ile michoro itunzeni. Mama katoka kwenye baridi ya Makambako, Dar saa mbili asubuhi jasho linamtiririka, siku ya tatu wino ukaanza kuyeyuka. Mama mdogo kwa upendo akachukua dodoki amtoe "uchafu". Nilipiga ukelele mtaa ukasikia. Kuoga anaoga, ila palipochorwa ni maji tu, hapasuguliwi. Mstari ukififia waambieni wahusika waukoleze. Usichukue kalamu yako ukajifanya fundi.

Halafu kibofu. Mgonjwa wa nyonga anaelekezwa aingie kibofu kikiwa kimejaa kiasi, maana kikijaa kinausukuma utumbo juu, unatoka kwenye njia ya mionzi. Mama akaelewa kwamba anywe maji nyumbani. Lita nzima saa kumi na moja alfajiri, tukapanda daladala. Kufika Mtoni kwa Aziz Ally foleni haisogei na mama anatazama dirishani machozi yanamlenga. Tulishuka. Yaliyofuata nisiyaandike, ni mama yangu. Utaratibu ni kwamba unafika, unakojoa, unakunywa kiasi ulichoambiwa, unasubiri muda ulioambiwa, ndipo unaingia.

Na mashine yenyewe? Anapangwa juu ya meza, wahudumu wote wanatoka, mlango unafungwa, anabaki peke yake huku wanamtazama kwa kamera. Haiumi, haiunguzi, hakuna cha kuona. Nilikaa kwenye benchi nje nikihesabu kwa saa ya simu. Mama akatoka anarekebisha kanga yake, akaniuliza, "Wameanza lini?"

Mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila wiki siku moja dripu ya sisplatini. Halafu mionzi ya ndani. Simu inaisha chaji, naendelea kesho.

#2 Kitunda_Kwetu

Pole sana mkuu. Usije ukatuachia njiani kama wale wa hadithi za majini. Mama anaendeleaje?

#3 ChumaChaReli

Mkuu sitaki kukukatisha tamaa ila tuambiane ukweli. Mjomba wangu alipigwa mionzi, hakumaliza mwezi. Alikwenda akitembea. Hii kitu inamaliza watu na wao wanajua. Bora wale waliokwenda zao Loliondo kunywa kikombe cha Babu.

#4 ChumbaNambaMbili

Nafanya kazi hii, sitasema wapi. Naomba nimjibu #3 kwa heshima maana swali lake naulizwa kila wiki na ndugu wa wagonjwa.

Pole kwa mjomba. Kuna mionzi ya kuponya na kuna mionzi ya kutuliza. Ya kuponya ndiyo hiyo ya mama wa mleta uzi, siku nyingi, dozi ndogondogo. Ya kutuliza ni pale saratani imeshasambaa, mathalani imeingia mifupani mgonjwa halali usiku kwa maumivu. Huyo tunaweza kumpiga mara moja tu, dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), na wengi wanapata nafuu ya maumivu. Au anatoka damu nyingi, tunapiga ili damu ikauke. Hatukuahidi kumponya. Sasa akifariki baada ya wiki nne, kijijini linalobaki ni "alipigwa mionzi akafa". Hakuna anayekumbuka kwamba alikaa na uvimbe mwaka mzima kabla ya kuja.

Loliondo nisingependa kurudi huko, mzee mwenyewe alishatangulia mbele ya haki 2021. Ila kile kikombe cha shilingi 500 cha mwaka 2011 kina watu waliacha dozi katikati wakakifuata Samunge. Uvimbe uliopigwa nusu hauna shukrani.

Kwa nini mara 25 na si mara moja kubwa? Mionzi inaharibu vinasaba vya seli, za saratani na zako wewe pia. Tofauti ni kwamba seli nzima inajua kujikarabati usiku, ya saratani ni fundi mbovu, inajikarabati vibaya au inashindwa. Kwa hiyo unapiga kidogo, kama grei 1.8 au 2 kwa siku, unaiachia nzima ipone, kesho unarudi. Kwa shingo ya kizazi ya nje inafika grei 45 hadi 50, kisha ya ndani inaongezea palepale kwenye uvimbe.

Ndiyo maana tunakuwa wakali mgonjwa akikosa siku. Wewe ukipumzika, na saratani nayo inapumzika, inazaana. Kwa shingo ya kizazi tunataka ya nje na ya ndani vyote viishe ndani ya wiki nane. Zikizidi, uwezekano wa kupona unapungua. Mashine ina kazi ya dakika chache tu. Kazi kubwa anayo anayemleta mgonjwa kila siku.

#5 Kitunda_Kwetu

@ChumbaNambaMbili shule nzuri. Swali la kijinga: mgonjwa akitoka humo anabaki na mionzi mwilini? Jirani yangu alimzuia shangazi yake asibebe mtoto mchanga.

#6 ChumbaNambaMbili

Si la kijinga hata kidogo. Ya nje ikizimwa imekwisha, ni kama taa, ukizima hubaki na mwanga mfukoni. Abebe mtoto, apike, alale na mumewe. Mionzi ya ndani wanayofanyiwa akina mama wa shingo ya kizazi, chanzo kinaingizwa na mashine kupitia vijiti kisha kinatolewa palepale, akitoka chumbani ni msafi. Wale wanaokunywa iodini yenye mionzi kwa ajili ya tezi ya shingo ndio wanaopewa masharti ya kukaa mbali na watoto kwa siku kadhaa. Watu wamelichukua sharti la hao wakawavika wote.

Na kwa kuwa nitaulizwa tu: mashine ziko aina mbili. Ya kobalti ina chuma chenye mionzi ndani, kipo hai muda wote, kinafunikwa na kufunuliwa. Kobalti-60 inapungua nguvu kwa nusu kila miaka mitano na kidogo, kwa hiyo chanzo kikizeeka mgonjwa yuleyule analala mezani muda mrefu zaidi kwa dozi ileile. LINAC haina chuma hicho, inatengeneza mionzi kwa umeme, umeme ukizimwa hamna kitu. Inalenga vizuri zaidi, lakini ni kama mke wa mjini, inataka umeme usioyumba, ubaridi, mafundi, vipuri. Kobalti ni punda, anakwenda hata barabara mbovu. Ocean Road waliziongeza LINAC mbili 2018, na Hospitali ya Bugando kule Mwanza nao wanatoa mionzi, kwa hiyo watu wa Kanda ya Ziwa ulizeni kwanza huko kabla ya kukata tiketi ya Dar.

#7 BintiPongwe

"Kama mke wa mjini." Umeharibu hapo mwishoni kaka, ila nakusamehe kwa elimu.

#8 Mbena_wa_Makambako (mleta uzi)

Nimerudi. Asante @ChumbaNambaMbili, umesema kwa aya tatu nilichojifunza kwa miezi miwili.

Hilo la kukosa siku ndilo nililotaka kulifikia.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka mama akasema labda wamekosea, mbona hasikii kitu. Wiki ya pili uchovu. Si ule wa shambani, anasema ni uchovu wa kuchotwa maji mwilini. Wiki ya tatu tumbo likaanza kuharisha na mkojo unachoma. Hapa chakula ni muhimu: maharage, mboga za majani nyingi, maziwa, pilipili, tuliviweka pembeni. Alikula wali, ndizi, uji mwepesi, na viazi vyake mwenyewe vilivyomenywa, ambavyo tulikuwa tumebeba gunia zima maana hakuamini kama Dar kuna viazi vya maana. Akapewa dawa ya kuzuia kuharisha. Kila wiki kabla ya dripu anapimwa damu na figo, damu ikishuka sana dripu inasubiri na anaweza kuongezewa. Ndugu wa damu wajiandae kuchangia mapema, si siku ile.

Jumanne ya wiki ya tatu, tukiwa tumebakiza siku 13, simu ikapigwa. Mjomba wangu, kaka yake mama wa kumfuata, amefariki. Kuanguka tu shambani.

Wanaotujua Wabena wanaelewa. Msiba wa kaka yako hauhudhuriwi kwa simu. Hesabu nilizopiga: Jumatano safari, Alhamisi mazishi, Ijumaa matanga, Jumamosi anaanua, Jumapili safari, Jumatatu amechoka hawezi. Siku nne zinapotea, tano kama basi litaharibika Kitonga. Nikaenda kuuliza nikiwa na matumaini wataniambia siku mbili tatu si neno. Mtaalamu mmoja, kijana mdogo kwangu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, siwezi kumfunga kamba mama yako. Lakini ukiniuliza mimi, asiende."

Nyumbani wakubwa wakapiga simu. Baba mkubwa akaniambia mimi na mashine yangu tunamfanya dada asimzike kaka yake, na kwamba maji ya msiba yatatuandama. Mke wa marehemu ndiye peke yake aliyesema mwacheni.

Mimi sikuamua, nisijipe sifa. Usiku ule mama alikaa barazani kwa mama mdogo mpaka saa nane. Asubuhi nikamkuta ameshavaa, kajifunga kanga nyeusi, kashika chupa yake ya maji tupu. Akasema twende, foleni itatukuta. Siku ile kwenye daladala hakuongea neno. Alipolala kwenye ile meza, nadhani ndipo alipolilia, maana alitoka macho mekundu, na pale mezani kulikuwa kimya na alikuwa peke yake. Akina mama wa benchi walishajua, sijui nani aliwaambia. Wakamchangia rambirambi, noti za mia tano tano na elfu moja moja, watu ambao wenyewe nauli zao zinahesabika. Yule wa Kilwa akasoma dua, yule wa Dodoma akaanzisha tenzi, hakuna aliyeona ajabu.

#9 ChumaChaReli

Mkuu hapa nimekaa kimya. Lakini nakuuliza kwa dhati, usikasirike. Kama asingepona, mngemrudishia nini? Mtu anazika kaka mara moja.

#10 BintiPongwe

@ChumaChaReli na kama angekwenda akazika, akarudi uvimbe umeshika kasi, wewe ungemjengea kaburi? Mama ameamua mwenyewe. Tatizo la wanaume wa humu mnapenda kumuuliza mtoto wa kiume maswali ambayo mama ameshayajibu kwa miguu yake.

#11 ChumaChaReli

Sijabisha. Nimeuliza.

#12 SistaWaZamu

Mimi ni nesi mstaafu. Mleta uzi amekwepa mengi kwa kuwa anamwandikia mama yake, namwelewa. Acheni niyaseme mimi, wanawake wasome na waume zao wasome.

Mionzi ya ndani: mgonjwa anapewa dawa ya kupunguza maumivu au usingizi, vijiti vinapitishwa ukeni mpaka kwenye mfuko wa uzazi, vinaunganishwa na mashine, anakaa ametulia kwa dakika kadhaa. Hufanyika mara chache, kwa vipindi. Wengi wanaiogopa kuliko ile ya nje, na wengine wanakimbia hapo wakidhani wameshamaliza. Hujamaliza. Bila ya ndani, kwa saratani hii, umejenga nyumba hujaezeka.

Baada ya tiba uke husinyaa na kukauka. Usipouhudumia unaweza kushikana ndani, tendo linakuwa mateso na daktari anashindwa hata kukuchunguza kliniki. Kuna kifaa cha kupanulia unachoelekezwa kukitumia, pamoja na kilainishi, na tendo lenyewe likirudiwa polepole kwa ruhusa ya daktari nalo linasaidia. Ulizeni. Msisubiri daktari aanze, foleni ndefu na yeye anaona haya kama nyie. Aliyekuwa bado anaona siku zake ajue zitakoma na hatazaa tena, hili aambiwe kabla, si baada.

Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara sita kuliko asiye navyo, kwa hiyo CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) wakikuambia ukapimwe, nenda. Kipimo chenyewe ni kupakwa siki na kutazamwa, dakika tano. Na mabinti wenu wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani hii) ipo nchini tangu 2018 na sasa ni sindano moja tu. Mzazi unayekataa fomu ya shule kwa maneno ya WhatsApp, soma #8 tena.

#13 Muganda_Mswahili

Salamu kutoka Kampala. Hapo mnapolalamikia foleni mshukuru Mungu. Sisi Hospitali ya Mulago tulikuwa na mashine moja ya kobalti kwa nchi nzima, ya tangu 1995, tena ilikuwa inapokea na wagonjwa wa nchi jirani. Mwaka 2016 ikafa moja kwa moja. Nchi nzima bila mionzi! Hospitali ya Aga Khan Nairobi wakajitolea kuwatibu wagonjwa 400 bure, serikali iwasafirishe, lakini wewe piga hesabu nani aliyebaki nyumbani. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Shangazi yangu alikuwa amefika mara 9 ilipozima. Hatuna sababu ya kumalizia hadithi yake hapa.

#14 Kitunda_Kwetu

Daah. Pole sana ndugu.

#15 MpembaWaChakeChake

Assalaam aleikum. Mie nilimpeleka baba, saratani ya koo. Sikuona mtu ametaja ya kichwa na shingo, basi nongeze kidogo. Kwanza hupelekwa kwa daktari wa meno. Baba aling'olewa manane mabovu kabla ya kuanza, kwani taya likishapigwa mionzi halafu ukang'oa jino, kidonda hakiponi, mfupa waweza kuoza. Kisha hutengenezewa barakoa, karatasi ya plastiki hutiwa maji moto ikalainika, ikafunikwa uso ikaganda kwa sura yake. Hiyo hufungwa na meza asitikisike. Baba mtu mzima na bahari yake hakuwahi kuogopa kitu, pale alinishika mkono kama mtoto.

Wiki ya tatu mdomo ulikuwa vidonda vitupu. Uji tu kwa kijiko, na kusukutua maji ya chumvi na magadi. Alipungua hata pete ikamtoka. Mate hayajarudi sawa mpaka leo, hutembea na kichupa chake cha maji. Lakini yuhai, na juzi kaenda kuvua.

Kwa sie wa visiwani, panga nyumba ya kukaa Dar kwanza ndipo uvuke. Watu huvuka na faili bila ya pa kulala, wiki ya pili washarudi.

#16 Mzalendo_Halisi

Gharama jamani? Mnazunguka tu.

#17 Mbena_wa_Makambako (mleta uzi)

@Mzalendo_Halisi bei sitaandika maana zinabadilika na kila mgonjwa ana lake, mtu atakuja na hesabu yangu akwame. Ninachokuambia ni hiki: mwenye bima aulize mapema bima yake inabeba nini, na asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Sisi barua hatukuwa nayo, mwenyekiti akaisaini kule, ikaja kwa basi. Tiba yenyewe haikuwa iliyotumaliza. Kilichotumaliza ni nauli ya watu wawili kila siku, chakula cha ugenini, na mimi kutofanya kazi. Benchi lile lilikuwa na akina mama waliokuwa wakilala kwa watu wasiowajua. Mmoja wa Songea aliondoka siku ya 17, nauli ilikata na mwenyeji wake alianza kunung'unika. Tulikuja kujua ameshapanda basi. Simu yake haikupatikana. Mpaka leo nikipita jengo lolote lenye benchi refu namkumbuka.

Kuhusu pale penyewe, mtu asiogope jina. Jengo la mbele ni la Wajerumani, lilifunguliwa 1897, linatazama bahari, na Robert Koch yule wa vijidudu vya kifua kikuu alifanyia utafiti wake hapo. Taasisi yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya 1996. Barabara siku hizi inaitwa Barack Obama lakini mwambie konda Ocean Road utafika. Siku ya mwisho, baada ya mionzi ya ndani ya mwisho, mama aliomba tuvuke barabara akaguse maji. Miaka 58 hajawahi kugusa bahari. Aliyaonja, akatema, akasema kumbe ni kweli.

Majibu: alirudi kliniki baada ya miezi mitatu. Damu ilishakata tangu wiki ya nne ya tiba. Daktari amemchunguza, uvimbe haupapasiki. Hajasema amepona, amesema arudi tena baada ya miezi mitatu, na hivyo hivyo kwa miaka. Mama yeye amesharudi shambani ingawa amekatazwa kubeba. Kabla ya shamba alikwenda kwanza kaburini kwa mjomba, na baba mkubwa alimsindikiza. Waliongea nini huko mimi sijui, sikuwepo.

#18 ChumaChaReli

Mkuu hongera. Na nisamehe kama nilikukwaza. Nina jambo sikulisema. Mke wangu ana damu zisizoeleweka tangu Pasaka. Nilikuwa nabishana humu nikitafuta sababu.

#19 SistaWaZamu

Baba, kesho asubuhi. Si keshokutwa. Mwambie anayempokea kwamba anataka kuangaliwa shingo ya kizazi, aitaje kwa jina, asikubali dawa za U.T.I kabla ya kupanda kitandani. Sababu za damu ni nyingi na nyingi si saratani, usimwogopeshe. Lakini aangaliwe. Na wewe uende naye, ukae benchi.

#20 ChumaChaReli

Nimekusikia mama. Tunakwenda.

#21 MgeniJukwaani

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nina mama yangu, anaanza Jumatatu, na sisi tumefikia Mbagala vilevile. Kaka mleta uzi, mlikuwa mnatoka saa ngapi?

#22 Mbena_wa_Makambako (mleta uzi)

Saa kumi na moja na robo tuko kituoni, ili mama apate siti. Pandeni ya Posta. Kutoka hapo sisi tulikuwa tunachukua bajaji, asubuhi kuna ubaridi wa bahari na wao wanatoka wamechoka, akiba ya miguu muweke ya kurudi. Beba chupa tupu, maji atakunywa kulekule. Kanga mbili, moja ya kuvaa ndani na moja ya kujifunika. Na nguo ya kiunoni iwe pana ya pamba, isimbane palipochorwa. Mkifika ulizeni akina mama wa benchi, hamtamkosa mmoja anayeongea sana, atawaonyesha kila mlango.

Nitumie ujumbe wa faragha nikupe namba ya bodaboda wetu wa Rangi Tatu, anafika kwa wakati.